Umerithi aproni na nishani za loji? Anzia hapa

Sanduku la marehemu likifunguliwa na kutoka aproni, kola, nishani na pengine upanga, vyote vifaa vya loji (tawi la chama cha kindugu kama Frimasoni), usianze kusafisha. Piga picha kila kitu, mbele na nyuma, kabla hujakihamisha. Vyeti na barua zibaki pamoja na vifaa vyake, kwa sababu nishani bila jina la mwenyewe haina la kusimulia.

Kisha tambua chama. Skwea na bikari, mara nyingi na herufi G katikati, ni Frimasoni. Pete tatu za mnyororo zenye F, L, T ni Odd Fellows. F, C, B ni Knights of Pythias. Tai mwenye vichwa viwili huelekeza kwenye Scottish Rite, mfumo wa daraja za juu ndani ya Frimasoni. Tafuta pia jina na namba ya loji, hasa nyuma ya nishani.

Namba hiyo inahitajika kwa swali ambalo warithi wengi hulisahau: je, mali hii ni ya marehemu kweli? Aproni kwa kawaida ni ya mwanachama mwenyewe, lakini kola ya ofisa mara nyingi ni ya loji na hupokezanwa. Iandikie loji; ikiwa ilishafungwa, iandikie loji kuu inayosimamia matawi.

Uharibifu mwingi hufanywa na wenye nia njema. Aproni ya ngozi ya mwanakondoo haioshwi: ikikauka hukakamaa, na rangi ya utepe huchujia kwenye weupe. Ondoa vumbi kwa brashi laini tu. Ilaze bapa katika boksi lisilo na asidi. Ikibidi kukunjwa, weka bunda la karatasi laini isiyo na asidi ndani ya mkunjo, ngozi isipasuke. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55. Nyuzi za dhahabu zilizofifia usizipake dawa ya kung'arishia, kwani dawa hiyo hunasa ndani ya tarizi. Nishani zilizochovywa fedha nazo hupoteza tabaka kila zinaposuguliwa. Upanga uhifadhi nje ya ala ya ngozi: ngozi hushika unyevu na asidi zake hula chuma.

Ukikuta fuvu au mifupa, acha. Baadhi ya loji za Odd Fellows zilitumia mifupa halisi ya binadamu katika ibada zao. Usiuze wala usitupe, wajulishe polisi.

Ukitaka kutoa, makumbusho kama Museum of Freemasonry ya London hutaka kuulizwa kwanza, na aproni ya kawaida isiyo na historia huenda ikakataliwa. Ukiuza, usiyeyushe nishani yenye enameli kabla ya kuipeleka kwa mthamini. Kazi ya mikono inaweza kuzidi bei ya madini. Kuutunzia ukoo aproni moja kwenye fremu si vibaya, mradi kioo kizuie mionzi ya jua na kisiiguse ngozi.