Somo: Mtu kasajili domeni (anwani ya tovuti) yenye jina lako kwa herufi iliyokosewa? Anzia hapa

Andika r na n zikiwa zimebanana: rn. Kwenye simu ndogo inasomeka m, na matapeli husajili anwani za tovuti kwa ujanja huo. Mteja wa dada mmoja anayeuza viungo Kariakoo alilipia oda kwenye tovuti ya namna hiyo, kisha akaja dukani kudai mzigo ambao dada hakuupokelea hata senti. Iliniuma sana.

1. Usimpigie aliyesajili kwa hasira, atafuta kila kitu. Piga skrinishoti kwanza, anwani na tarehe zionekane. Akikutajia bei ya kukuuzia domeni, tunza ujumbe huo: kudai zaidi ya gharama alizotumia ni dalili ya nia mbaya.

2. Andaa cheti cha alama ya biashara (nembo au jina la bidhaa zako linalolindwa kisheria). Hapa ndipo wengi wetu Dar tunapokwama. Cheti cha jina la biashara ni kitu kingine kabisa, ingawa vyote vinatoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kama huna, anza kuomba leo.

3. Kwa .com, peleka malalamiko chini ya UDRP, utaratibu wa kutatua migogoro ya domeni uliowekwa tangu 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani. Wengi hupeleka WIPO (Shirika la Miliki Ubunifu Duniani), Geneva, kwa mtandao. Ada ni dola 1,500 kwa domeni moja hadi tano, mwamuzi akiwa mmoja. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu.

4. Thibitisha mambo matatu, yote: domeni inafanana na alama yako kiasi cha kuchanganya watu, mwenzako hana haki nayo, ameisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Mwaka 2005 Google walishinda hivyo dhidi ya googkle.com na ghoogle.com.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mwenye domeni kaficha jina lake. Nimshtaki nani?
Peleka hivyohivyo. Kituo cha WIPO kitaiomba kampuni iliyomsajilia domeni taarifa zake, nawe utarekebisha malalamiko.

Kaka, nitalipwa hasara yangu?
Hapana. Utakabidhiwa domeni au itafutwa, basi. Fidia ni ya mahakamani.

Yeye alisajili 2015, mimi nimefungua duka 2019.
Hapo pole, dada. Hangeweza kukulenga wakati biashara yako bado haijazaliwa, kwa hiyo nia mbaya wakati wa kusajili itakushinda kuthibitisha. Weka hizo dola 1,500 dukani.