Somo: Kupanga chuo mtoto akiwa bado kidato cha kwanza

Habari wana Dodoma. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu zinaanza: "Mwalimu, binti yangu anataka udaktari, ila Fizikia aliiacha." Hapo tunabaki kutazamana. Somo la leo ni la wazazi wa kidato cha kwanza na cha pili, na wanafunzi wenyewe.

Hatua ya 1: Anzia mwisho. Fungueni pamoja mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), upo bure mtandaoni. Kila shahada imeandikiwa masomo inayoyadai. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Anayeacha Fizikia kidato cha tatu kwa kuwa marafiki zake wameiacha, ameshajifungia mlango huo. Anayetaka shahada ya sheria habanwi hivyo.

Hatua ya 2: Majina. Hili nalirudia mpaka wazazi wananichoka. Chukua cheti cha kuzaliwa, kiweke kando ya jina alilosajiliwa shuleni, soma herufi kwa herufi. Hamis huku, Hamisi kule, na mtoto atazunguka maofisini wakati wenzake wanaomba mkopo wa chuo HESLB (Bodi ya Mikopo), maana cheti lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Hana cheti? Nendeni ofisi ya mkuu wa wilaya sasa. Jina la shuleni lirekebishwe kabla ya usajili wa mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani). Baada ya hapo ni viapo na foleni. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho kitunzwe.

Hatua ya 3: Daftari la shughuli. Mdahalo, skauti, UMISSETA, kwaya, klabu ya sayansi. Kila muhula aandike alifanya nini, saa ngapi kwa wiki, nani alimsimamia. "Mwanachama wa klabu ya mazingira" haisemi kitu. "Tulipanda miche 60 ya mwarobaini nyuma ya bwalo, nikapanga zamu za kumwagilia, ikapona 41" inasema, na kwa ukame wetu huu 41 si haba!

Nisiwadanganye: vyuo vyetu hutazama ufaulu, hakuna atakayeuliza kama ulikuwa kiranja. Daftari linamfaa zaidi anayelenga nje. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi za shughuli 10, na maelezo ya kila moja hayazidi herufi 150. Asiyeandika mapema atakumbuka nini?

Hatua ya 4: Akaone chuo kwa macho. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kipo Chimwaga, Chuo cha Mipango kipo Miyuji, nauli ni ya daladala. Nendeni siku ya kawaida ya masomo, si siku ya mahafali.

MASWALI

Mama Neema, Kongwa: Mwalimu, shule yetu ya kata haina klabu hata moja. Tufanyeje?

Jibu: Mama Neema, mdahalo hauhitaji bajeti. Neema atafute wenzake wachache na mwalimu mmoja wa kuwalea, waombe darasa Ijumaa baada ya vipindi. Aliyeanzisha klabu ana cha kuandika kuliko aliyeikuta.

Baba Jose, Hombolo: Wangu Jumamosi yuko shambani, zabibu hazisubiri. Klabu hawezi.

Jibu: Kaka, hiyo ndiyo shughuli yake. Common App inatambua kazi na majukumu ya familia. Aandike mistari anayopogoa na kreti anazohesabu wakati wa kuvuna. Ila wiki ya mitihani mwachie asome, tafadhali.

Mwanafunzi, kidato cha pili: Shikamoo mwalimu. Nikishajaza tahasusi (masomo ya kidato cha tano) kwenye selfomu, ile fomu ya machaguo, siwezi kubadilisha tena?

Jibu: Marahaba. Selfomu utaijaza kidato cha nne, na matokeo yakitoka TAMISEMI hufungua mfumo kwa muda ili mbadilishe machaguo. Ila utabadilisha kwa masomo uliyoyafaulu tu; PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) haipatikani bila Fizikia. Namba yako ya mtihani iandike nyumbani pia, bila hiyo mfumo hauingiliki, na siku hizo huenda mtunza kumbukumbu wa shule asipokee simu.