Jinsi ya kufuatilia ukoo hadi kwa shujaa wa Majimaji bila kuruka kizazi

Mwaka jana nilimsaidia shemeji yangu kutafuta asili yao. Tangu utotoni wameambiwa ni wajukuu wa Nduna (yaani kiongozi wa chini ya chifu) Songea Mbano, shujaa wa Wangoni katika vita vya Majimaji dhidi ya ukoloni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, mji ukabaki na jina lake. Familia nyingi za Ruvuma zina simulizi kama hii, ndiyo maana naandika njia tuliyopita.

Hatua ya 1: Kaa na wazee

Anza na aliye mkubwa kuliko wote, asubuhi, kabla hajachoka. Rekodi kwa simu, lakini andika pia kwenye daftari, kwa penseli. Programu za kuchora mti wa ukoo sizipendi hatua hii. Zinakudai baba na mama wa kila mtu wakati wewe bado hujui nani kamzaa nani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya vizazi

Weka miaka 25 hadi 30 kwa kila kizazi. Asiyejua mwaka wake, muulize alikuwa mkubwa kiasi gani siku ya uhuru.

Hatua ya 3: Hakikisha "babu" ni babu yupi

Hapa tulipoteza siku mbili nzima. Mzee wetu alisema, "Songea ni babu wa baba yenu." Tukachora. Baba yao alizaliwa 1954, babu yao tukamkadiria 1925, kwa hiyo huyo wa juu angezaliwa karibu 1895. Mtoto wa miaka 10 hawezi kuwa nduna aliyeongoza vita vya 1905. Tukadhani tumekosea miaka, tukaifuta na kuiandika upya, wakati kosa lilikuwa kwenye neno lenyewe.

Babu ni baba wa baba yako. Ni ndugu zake pia, na ni kila mzee wa ukoo aliyetangulia. Mzee hakusema uongo. Sisi ndio tuliosikia vibaya. Kwa hiyo usiulize "babu yenu ni nani?" Uliza: nani alimzaa? Mama yake alitoka ukoo gani? Alizaliwa nyumba ya mke wa ngapi? Nani walikuwa tumbo moja naye? Mama ndiye anayewatenganisha watu ambao jina la ukoo linawachanganya.

Jina lenyewe nalo lisikuridhishe. Wangoni walipokea na kuteka watu wa makabila mengine, na baadhi yao walichukua jina la ukoo wa mkubwa waliyeishi chini yake. Kuitwa Mbano peke yake hakuthibitishi damu ya Songea.

Tulipouliza upya, mzee alinyamaza kidogo, kisha akamtaja mtu mwingine kabisa: kijana aliyelelewa kwa Songea na kupewa jina hapo. Shemeji aliumia. Nilimwambia aandike hivyohivyo, "alilelewa kwa Songea", kwa wino, kwa sababu kulelewa kwenye nyumba ile ni historia kamili na ni ya kwao.

Hatua ya 4: Vitabu vya ubatizo

Omba kwa paroko kwa barua. Vya zamani vimeandikwa Kilatini. *Filius* ni mtoto wa kiume, *filia* wa kike. Soma pambizo, maana ndoa huandikwa hapo, pamoja na parokia ilikofungwa. Misheni ya Peramiho ilichomwa wakati wa vita mwaka 1905, hivyo usitegemee mengi ya kabla ya hapo.

Hatua ya 5: Majalada ya Wajerumani

Yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengine Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani, kundi R 1001 (la ofisi ya makoloni), ambako mengi yanasomeka bure mtandaoni. Tafuta kwa tahajia yao: Songea ni Ssongea, Ujiji ni Udschidschi, "ch" mara nyingi ni "tsch". Kwenye mwandiko wao wa mkono, "e" inafanana na "n". Usikate tamaa kabla ya kujaribu tahajia tano.

Hatua ya 6: DNA

Iwe ya mwisho. Kipimo cha kromosomu Y hufuata mstari wa baba na mwana, lakini hakitofautishi mtoto wa Songea na mtoto wa kaka yake. Kinafaa palipo na kitu cha kulinganisha. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kuwa kwa DNA wamewapata ndugu walio hai, Tanzania, wa watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa enzi za ukoloni. Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea. Likipatikana, familia yenye mti uliochorwa vizuri itakuwa na la kusema.

Kila tarehe 27 Februari wanaadhimishwa walionyongwa, pale Makumbusho ya Majimaji, mjini Songea. Wazee wa koo hukusanyika. Fika siku mbili kabla, wakati bado wana nafasi ya kuzungumza, na uwe na daftari.