Somo: Kutunga shairi la uamuzi kwa taswira za bahari, upepo na mikoko

Assalaam alaykum wanajamvi.

Tangu Ramadhani iishe nimeulizwa swali moja zaidi ya mara kumi, kwa simu, barazani, hata nikiwa kwenye foleni ya mkate: "Maalim, nataka kutunga shairi kuhusu kuchagua maisha. Nitie bahari au nitie maua?" Taswira haitiwi mwisho wa mapishi kama chumvi mchuzini. Inaingia mwanzo, na ndiyo inayokuonyesha shairi linakwenda wapi. Nimechoka kueleza nusu nusu, kwa hivyo nayaweka yote hapa. Atakayeuliza tena nitamleta huku.

Hatua ya 1. Andika uamuzi wako kwa maneno makavu, mstari mmoja: "Niende Doha au nibaki na mama." Ukishindwa, bado hujawa tayari kutunga.

Hatua ya 2. Chagua bahari ya shairi, yaani aina yake. Kwa mwanagenzi nashauri tarbia: mishororo 4, kila mshororo mizani (silabi) 16, yaani vipande viwili vya 8, na kina cha kati na cha mwisho.

Hatua ya 3. Jiulize uamuzi wako ni wa namna gani, kisha utafute kitu chenye tabia hiyo. Wengi hapa huruka. Uamuzi wenye saa yake, ambao ukichelewa umepita, huo ni maji kujaa na kupwa. Uamuzi ambao nguvu yake kubwa haimo mikononi mwako ni upepo: kusi na kaskazi, pepo za misimu, huwezi kuziamuru, unachochagua ni siku ya kung'oa nanga tu. Uamuzi uliokwisha kufanywa na wengine, nawe ukatakiwa kushika mizizi pale ulipoangukia, ni mbegu ya mkoko. Mbegu ile huota ingali juu ya mti wa mama yake, ikarefuka kama kalamu, na ikianguka huelea mpaka ipate tope. Njia panda ya nchi kavu ni ya mambo mawili yanayokaribiana. Ukilala kwenye njia panda, kesho utazikuta njia zote mbili pale pale. Maji hayakufanyii hivyo. Basi ukimpa mtu anayekimbizwa na wakati taswira ya njia panda, shairi litasema uongo hata kama vina vimekaa sawa.

Hatua ya 4. Kijue kitu chenyewe kabla hujakibebesha maana. Hapa niliwahi kuanguka, na nawaomba msome polepole.

Nilitunga shairi la mtu anayeacha kwao kwa hiari, moyo mkunjufu. Nikaanza hivi: "Kaskazi ikivuma, chombo chenda Maskati." Nane kwa nane, nikajiona nimemaliza. Nikalisoma barazani baada ya magharibi. Palikuwa na nahodha mmoja mzee akivuta tasbihi. Nilipofika ubeti wa pili, kidole chake kikasimama juu ya punje moja, hakikuendelea. Akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hicho chombo chako chenda na upepo wa nani?"

Nilinyamaza, maana jibu nilikuwa nalo tangu utotoni na sikulitumia. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Disemba hadi Machi hivi, na ndio uliokuwa ukileta vyombo vya Arabuni na Ghuba hapa Lamu, vikiwa na tende na chumvi. Kurudi ni kwa kusi, unaoanza Aprili. Na kusi nao una nafasi zake: Juni na Julai bahari huchafuka, kwa hivyo manahodha walitoka kusi ikianza au wakangoja demani, upepo unapolegea. Mtu wangu wa moyo mkunjufu nilikuwa nimemwelekeza omo, pua ya chombo, kwenye upepo. Kila aliyeijua bahari pale barazani alisikia shairi la mkaidi anayepigana na asichokiweza, wakati mimi nilikuwa nasoma la mtu mwenye furaha. Mashairi mawili, mdomo mmoja.

Nilirudi nyumbani nikalivunja lote. Nilipolianza upya kwa kusi, ikanibidi huyu mtu angoje. Alipongoja akaanza kuitazama nyumba aliyokuwa akiiacha, na ubeti huo wa kungoja ndio pekee ninaousoma mpaka leo bila kubadilisha neno.

Kwa hivyo: usiandike juu ya kitu ambacho hujakiona au hujamuuliza anayekiona kila siku. Usichanganye bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Usimpeleke mtu wako Takwa, kwenye magofu ya kisiwa cha Manda, maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu ule mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko haupitiki saa hizo, na shairi litakwama naye kwenye tope. Na usidhani msomaji wa Nairobi hatajua. Atasoma na wa Faza, kule visiwani, vilevile.

Hatua ya 5. Taswira moja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukianza na chombo, usimalize na waridi.

Hatua ya 6. Usifasiri. Ukishasema "bahari ni dunia, chombo ni mimi," umemnyang'anya msomaji kazi yake.

Hatua ya 7. Soma kwa sauti, hesabu kwa vidole.

Mfano. Anayetoka Lamu kwenda kisiwa cha Pate ana njia mbili. Ndani, kwa mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, maji ni matulivu lakini yakipwa hayatoshi kupitisha chombo. Nje, kuizunguka Manda kwa bahari kuu, kina kipo saa zote, na mawimbi yapo vilevile. Mwanafunzi wangu aliujua mlango huo, babake huupita kila wiki, lakini alikuwa ameandika: "Maisha kama bahari, nachagua njia njema." Mizani imetimia na ndani hamna kitu. Njia njema ni ipi, na saa ngapi? Tukakaa, tukatoka na huu:

Mkanda uko karibu, nje mawimbi ni makali,
Maji yaja kwa hisabu, hayangojei suali,
Moyo wadai jawabu, tanga lataka kauli,
Kungoja nako ni jibu, fungu halina muhali.

Tazameni: neno "maisha" halimo, wala "uamuzi". Fungu la mchanga limo, na muhali, ile haya inayokuzuia kumkatalia mtu aliye mbele yako. Binadamu wanayo. Fungu halina.

MASWALI

Kijana wa Mkomani: Maalim, kwani lazima mizani 16?

Jibu: Hatua ya 2. Nimesema nashauri.

Bin Pwani: Naomba unitungie moja la harusi, la kesho jioni, lenye maua na mwezi.

Jibu: Hapana. Hili ni somo la kutunga. Anza hatua ya 1, uniletee mshororo mmoja, nitausoma usiku huu huu.

Bin Pwani: Lakini wewe ni mwalimu, dakika tano tu.

Jibu: Ule ubeti wa Mkanda ulituchukua alasiri mbili. Nangoja mshororo wako.

Msomi Malindi: Shikamoo Maalim. Chuoni tunasoma shairi la Robert Frost, "The Road Not Taken". Tumefundishwa kwamba linasifu kushika njia isiyopitwa na watu. Lakini nikilisoma sioni hivyo, na naogopa kusema darasani.

Jibu: Marahaba mwanangu, sema. Lilitoka mwaka 1915, na 1916 likawekwa mwanzo wa kitabu chake cha Mountain Interval. Rudi kwenye ubeti wa pili na wa tatu. Msemaji mwenyewe anakiri kwamba njia zote mbili zilikuwa zimekanyagwa karibu sawa, na kwamba asubuhi ile zote zilifunikwa na majani ambayo bado hayajakanyagwa. Ubeti wa mwisho ndipo anaposema kuwa miaka mingi baadaye atakuja kusimulia, akishusha pumzi, kwamba alishika ile iliyopitwa na wachache. Yaani anajua sasa hivi hadithi atakayojitungia baadaye. Frost alilitunga akimfikiria rafiki yake Edward Thomas, mshairi Mwingereza. Walipotembea pamoja mashambani, Thomas alikuwa na tabia ya kuijutia njia waliyoiacha, iwe ipi. Aliuawa vitani Arras, Ufaransa, mwaka 1917.

Sasa tazama alivyochagua mahali. Msituni majani hufunika nyayo, njia hupinda vichakani huoni mwisho wake. Taswira hiyo ndiyo inayomruhusu kusema alichosema. Lau angelikuwa mtu wa Lamu akaliweka shairi lile Mkanda, lingevunjika, kwa sababu Mkanda na nje havifanani hata kwa aliyefumba macho. Sikio tu linakwambia uko wapi.

Msomi Malindi: Sasa nimeelewa hatua ya 3. Na huku kwetu je? Mimi sijui vyombo, kwetu ni shamba karibu na Mto Sabaki.

Jibu: Una hazina basi. Umeiona bahari ya Malindi inavyogeuka nyekundu mvua zikinyesha bara? Ule ni udongo unaoletwa na Sabaki. Na udongo ule, ukishafika mlangoni, haujui uende wapi. Wakati wa kusi husukumwa kaskazini. Wakati wa kaskazi hushuka kusini, upande wa mji wa Malindi. Mto ni ule ule, udongo ni ule ule, msimu tu ndio tofauti. Wewe una ndugu wawili waliotoka nyumba moja, mmoja akaenda huku na mwingine kule? Mstari wako wa kwanza umeshaupata. Nenda mlangoni kwa mto misimu yote miwili, usimame, uangalie mstari ule ambapo maji mekundu hukutana na ya buluu. Uniambie umeona nini, usiniambie unamaanisha nini.

Abu Tarbia: Mbona wazee wetu walifasiri? Utenzi wa Al-Inkishafi unasema wazi dunia ni bahari iliyochafuka. Hatua yako ya 6 inampinga Sayyid Abdallah aliyeutunga.

Jibu: Simpingi, na mfano wako ni mzuri. Anasema hivyo, kweli. Lakini soma anapoingia kwenye majumba ya Pate yaliyokufa: yale madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani, sasa makinda ya ndege yamelala humo. Hapo hakufasiri. Anauambia moyo wake utazame, basi. Mimi husoma mahali hapo nikasimama, lakini kwenye kile kipande cha bahari huendelea mbele. Na yeye alikuwa na haki ya kufasiri kwa sababu alikuwa akiuonya moyo wake mwenyewe. Mwanagenzi akifasiri mara nyingi ni kwa kuwa haiamini taswira yake.

Abu Tarbia: Hapo sina la kusema.

Mwana wa Amu: Naruhusiwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu? Ndia, mato, mui?

Jibu: Tena sana. Ndia ni mizani 2 kama njia, mato 2 kama macho, mui 2 kama mji, kwa hivyo hesabu haiharibiki. Ila ukianza na ndia usije ukaandika njia ubeti wa tatu.

Asiyelala: Maji hujaa saa ngapi?

Jibu: Ya lini? Hubadilika kila siku.

Asiyelala: Samahani Maalim. Nataka shairi langu liwe usiku wa mwezi mpevu, na msichana anasubiri mashua aondoke au abaki. Sitaki nikosee kama ulivyoeleza.

Jibu: Ungeanza hivyo. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana. Siku hizo hujaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kiasi cha dakika 50. Msichana wako basi, saa nne usiku mwezi uko juu na mashua imekaa kwenye mchanga. Hawezi kuondoka hata akitaka, mpaka usiku mkuu maji yarudi. Ana saa kadhaa za kukaa na uamuzi wake, mwanga umejaa pwani nzima na kila anayepita anamwona. Ukiligeuza liwe usiku wa maji mafu, mashua inaelea wakati wote, na shairi ni jingine kabisa.

Asiyelala: Nalibakisha bamvua.

Fundi Matondoni: Maalim, hatua ya 3 umesema mbegu ya mkoko ni kama kalamu. Watu huku huita mikoko yote mkoko. Mchu nao umo, na mbegu yake si kalamu, ni bapa kama kunde kubwa.

Jibu: Ahsante bwana, nilipaswa kuliandika hilo. Mbegu ndefu ni ya mkoko wenyewe, mkandaa na muia. Mchu ni kama ulivyosema. Na mizizi pia: mkoko husimama juu ya miguu yake, mchu huchomoza vijiti vya kupumulia kwenye tope. Anayetaka kutumia mti huu aende kwanza na Fundi kukata boriti siku moja, kama atakubali.

Fundi Matondoni: Waje na viatu vya tope. Jumamosi, maji yakipwa.