Pima chumba kwanza, ndipo ununue spika

Spika za kwanza nilizonunua kwa pesa ya maana zilikuwa ndefu, zinanifika kiunoni, na dukani Dar es Salaam zililia vizuri mno. Nikazipakia kwenye basi hadi Tanga, nikazifunga chumbani, nikaweka muziki wa dansi. Kila mpiga besi alipougusa ule waya mnene kabisa, chumba kiliunguruma, vioo vya kabati vikatetemeka, na noti iliyofuata ikamezwa. Shangazi yangu, aliyeimba taarabu miaka mingi, alisikiliza macho kayafumba, kisha akasema: "Mwanangu, huyo anayeimba yuko ndani ya pipa."

Spika hazikuwa mbovu. Chumba changu kina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6, kuta za tofali za simenti, sakafu ya vigae. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde. Ukigawa 345 kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8.4, unapata kama 41. Sasa waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Chumba changu kinaitukuza noti hiyo hiyo, na mimi nilikiletea spika zenye nguvu tele huko chini. Ni kama kumwaga petroli pale penye moto.

Kwa hiyo kabla hujaingia dukani, chukua futi kamba. Pima urefu, upana na kimo, fanya hesabu hiyo kwa kila kimoja, uandike. Ikiwa urefu na upana vinalingana, mlio mmoja utatiwa nguvu mara mbili, na kama una chumba kingine, sikilizia huko. Kwa chumba kidogo kama changu, kilichojengwa kwa tofali na simenti, spika ya kuweka juu ya stendi, yenye wufa, ile koni kubwa inayotetema kutoa besi, ya inchi 5 hadi 6.5, inatosha kabisa. Ukitamani besi ya chini zaidi, utaongeza sabufa baadaye na kuipunguza kwa kitufe chake. Spika ndefu huwezi kuipunguza kirahisi hivyo.

Tazama pia tundu la hewa la boksi la spika liko wapi. Likiwa nyuma, spika inataka nafasi kutoka ukutani, walau nusu mita. Kama lazima uzibane ukutani, tafuta zenye tundu mbele au zilizozibwa kabisa.

Kuhusu wati, nakuomba usidanganyike. Yale maelfu ya wati za "PMPO", namba za kutangazia tu, kwenye maboksi hayana maana yoyote; geuza mtambo usome nyuma unavuta wati ngapi kutoka kwenye umeme, utaona ukweli. Namba ya kuuliza ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti: spika inatoa sauti kiasi gani kwa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinazopungua, amplifaya yako inatakiwa kutoa nguvu maradufu. Spika ya desibeli 84 inahitaji wati mara nne ya ile ya desibeli 90 ili zilie sawa. Mwenye amplifaya ndogo achague 88 kwenda juu, na ziwe za ohmu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), maana za ohmu 4 huichemsha amplifaya dhaifu.

Sasa kusikiliza, na hapa ndipo usiwe na haraka. Nenda na nyimbo zako unazozijua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Anza na sauti ya mtu, kwa sababu sikio letu limeijua tangu utotoni na halidanganyiki nayo. Mimi huchukua rekodi za zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo nyingi ni mono, yaani sauti ile ile kwenye spika zote mbili. Watu huzidharau, lakini ni kipimo kizuri mno: kaa katikati ya spika mbili, na mwimbaji anatakiwa kusimama hewani katikati kabisa, pasipo na spika. Akiegemea upande mmoja, au akitanda kama moshi, spika hizo hazifanani au zimefungwa waya kinyume. Kisha weka taarabu. Ganuni isikike chembe kwa chembe, kila uzi na mwanzo wake. Fidla ziwe nyingi, zisiwe donge moja. Akodiani isikuchome sikio.

Sauti ziwe sawa kwa nguvu unapolinganisha, kwa kuwa inayolia zaidi kidogo tu huonekana bora. Na usizitazame. Mtafiti wa Kanada, Floyd Toole, kwa miaka mingi aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia, na ikabainika kwamba wakiziona, alama wanazotoa hubadilika. Mpe mgongo muuzaji, mwambie abadilishe bila kukuambia.

Mimi hatimaye nilinunua za mtumba, na sioni aibu kuzipendekeza. Ila uzikague kwa mkono. Ule mviringo unaoshika koni ukiwa wa sponji, ubonyeze kidogo kwa kidole: ukiacha unga au ukinata, umekwisha, na kwetu pwani joto na unyevu huumaliza upesi. Wa mpira hudumu zaidi. Weka vidole vya mikono miwili pande zote za koni, isukume taratibu kwa usawa, sikio likiwa karibu. Ukisikia mkwaruzo, koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, inasugua sumaku. Iache hapo hapo. Twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, usiiguse, itazame tu kama imebonyea. Mita ya fundi kwenye spika ya ohmu 8 husoma kati ya 5 na 7 hivi. Na betri ya volti 1.5, ikigusishwa chanya kwa chanya kwa nukta moja, husukuma koni nje. Ikiingia ndani, kuna aliyeifungua akarudisha waya vibaya. Piga pia kiuno cha boksi kwa kifundo cha kidole. Ubao uliovimba kwa maji hulia kama debe.

Ukifika nyumbani, twita ziwe usawa wa sikio ukiwa umeketi; stendi zangu alizichonga seremala wa mtaani kwa mninga, sentimita 60. Spika mbili na kiti chako viwe pembetatu ya pande sawa. Mtu apitishe kioo ukutani pembeni: pale utakapoiona twita ukiwa umeketi, tundika zulia au pazia zito. Mkeka peke yake kwenye vigae hautoshi, tandika zulia nene mbele ya kiti.

Halafu zisogeze sentimita 5 mara moja, usikilize wimbo ule ule, usogeze tena. Ilinichukua Jumapili tatu. Zangu zimetulia sentimita 62 kutoka ukutani, na chini nimebandika utepe mweupe kwenye vigae, ili anayedeki ajue pa kuzirudisha.