Kutengeneza chembe nano za dhahabu zisizogandana

Njia ni ya Turkevich ya mwaka 1951. Sitrati inaigeuza chumvi ya dhahabu kuwa dhahabu tupu, kisha inazivika chembe chaji hasi ili zisukumane. Kazi nyingi huharibika kwa vyombo vichafu, kwa hiyo anzia hapo: osha flaski na sumaku ya kukorogea kwa asidi ya haidrokloriki na ya naitriki, 3 kwa 1, ndani ya kabati la moshi. Suuza mara nyingi kwa maji yaliyokenekwa. Mchanganyiko huo usiufungie kwenye chupa, hutoa gesi na unaweza kupasua.

Asidi ya kloroauriki, ambayo ndiyo chumvi ya dhahabu hapa, hunyonya unyevu, na kwa hewa ya Dar kuipima kidogokidogo ni kujitesa. Yeyusha gramu 1 yote (yenye maji matatu ya kristali) kwenye mililita 254: unapata 10 mM (milimoli 10 kwa lita). Usiichote kwa kijiko cha chuma, inakila.

1. Changanya mililita 10 za akiba hiyo na 90 za maji. Chemsha chini ya kondensa (mrija unaopoza mvuke urudi kwenye flaski) huku ukikoroga kwa nguvu.
2. Ikitokota, mwaga kwa mkupuo mililita 10 za sitrati ya sodiamu 38.8 mM (gramu 1.14 ya sitrati yenye sodiamu tatu na maji mawili ya kristali, kwa mililita 100).
3. Njano itapotea, itakuja weusi, zambarau, halafu nyekundu kama juisi ya rozela. Endelea dakika 15, zima, acha ipoe ikikorogwa.

Chembe huwa za nanomita 13 hivi, na kilele cha spektra ya mwanga unaofyonzwa kiko karibu na nanomita (nm) 520. Mkia mrefu kwenye nm 650 maana yake zimeshikamana. Ukipunguza sitrati, chembe zinakuwa kubwa.

Maswali na majibu

Mkuu, naweza kutumia maji ya kisima niliyoyachuja?
Hapana. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chujio la kawaida haliiondoi. Ioni hufunika chaji, rangi inakuwa buluu, kisha dhahabu inazama.

Niweke friza?
Friji, nyuzi 4, chupa nyeusi. Zikiganda barafu hazirudi.

Nataka kupima melamini kwenye maziwa.
Melamini huzishikamanisha chembe, na rangi inageuka buluu. Toa protini kwanza, la sivyo zitazifunika chembe na hutaona badiliko. Pima sambamba maziwa unayojua ni salama, yaliyoandaliwa vilevile, maana chumvi nayo huleta buluu.

Na chembe hizi kama kichocheo, nazijaribuje?
Nitrofenoli-4 ya 0.1 mM na sodiamu borohaidraidi ya 10 mM, iliyoyeyushwa muda huohuo. Tone dogo la chembe, kisha fuatilia kilele cha nm 400 (nitrofenoli) kikishuka na cha nm 300 (aminofenoli inayotokana nayo) kikipanda. Kisiposhuka, shuku borohaidraidi ya jana kabla ya kulaumu dhahabu.