Kwilti imeshaungwa juu, sasa mistari ya kudarizi unaipangaje?

Unatengeneza kwilti, yani lile blanketi la viraka lenye pamba katikati. Viraka vyote vimeungwa, pasi imepita, kitambaa cha juu umekitandaza kitandani na kinapendeza kweli, alafu unabaki umesimama unakiangalia tu. Hapo wengi wanakimbilia swali moja, nidarizi ua gani? Mi naona hilo swali lisubiri kidogo, manake mistari ya kudarizi ina kazi kwanza ndo inakuwa urembo, na kazi yenyewe ni kushika kitambaa cha juu, pamba ya kati na kitambaa cha chini visitembee kila kimoja kivyake. Ukianza na ua unaweza kumaliza una ua zuri sana katikati, na pembeni pamba inajikusanya mabonge ikishafuliwa mara kadhaa.

Kwahiyo kabla ya kushika penseli kasome pakiti ya pamba. Pakiti nyingi zinaandika umbali wa juu kabisa unaoruhusiwa kati ya mstari mmoja wa mshono na mwingine, na namba zinatofautiana sana, kuna pamba inakuruhusu kuacha mpaka sentimita 20 au 25 kwasababu imeshikiliwa na wavu mwembamba kwa ndani, na kuna nyingine hazina wavu wala gundi, hizo zinataka mshono kila baada ya sentimita 5 hadi 10 hivi, la sivyo zinachanika na kujikunja humo ndani na huwezi kuzifikia tena. Hiyo namba ndo inatawala plani yako yote. Kama huna pakiti chukulia pamba yako ni ile inayotaka mishono ya karibukaribu, alafu tumia ngumi: weka ngumi yako popote kwenye mchoro, ikikaa bila kugusa mstari hata mmoja, hapo pako wazi mno, ongeza kitu.

Swali la pili ni kwilti inaenda wapi. Ya kujifunikia, hasa ya mtoto, usiibane sana na mishono, kila mstari unaoongeza unaifanya ngumu na haikai vizuri mwilini, inasimama kama kadibodi. Ya kutundika ukutani hiyo bana utakavyo, tena ikiwa ngumu kidogo ndo inaning'inia imenyooka.

Sasa ndo urudi kwenye kitambaa chenyewe na ukiangalie kwa jicho la kibahili, yani uulize ni wapi mshono utaonekana na wapi utapotea. Kwenye kitambaa chenye maua mengi au michoro mingi mshono hauonekani kabisa, unaweza kukaa wiki nzima unadarizi majani pale na mtu akipita asione chochote. Sehemu za kitambaa cha rangi moja, zile nafasi kubwa kati ya bloku na bloku (bloku ni mraba mmoja ulioungwa kwa viraka) na pindo pana la pembeni, hapo kila tundu la sindano linaonekana, na hapo ndo muda wako uende. Sehemu zenye michoro zipe kitu simpo tu cha kuzishika, mistari iliyonyooka au mawimbi. Ukiwa huna uhakika ipi ni ipi piga picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe, kinachobaki kimetulia kwenye picha ndo mahali pa nakshi.

Kuna kitu kingine ambacho kinasaidia karibu kila mara: kama viraka vyako ni pembetatu na miraba tupu, darizi kwa mikunjo, na kama viraka vyenyewe vimejaa duara na vipinde basi mistari iliyonyooka inavituliza. Sio sheria, ila ukikwama anzia hapo.

Kuchora sasa. Usichore moja kwa moja kwenye kitambaa. Printi picha ya kwilti kwenye karatasi, hata kama printa ni mbovu, alafu weka juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha chini na uchore hapo, ukikosea unatupa unaweka nyingine. Au chukua nailoni ngumu inayoonyesha, itandaze juu ya bloku halisi uchore na maka ya ubao mweupe, hivyo unaona mchoro kwa ukubwa wake kabisa. Ila tafadhali zungushia kingo zote za hiyo nailoni utepe wa rangi kali kabla hujaanza, manake mkono ukinogewa unapitiliza pembeni na wino wa ubao ukigusa kitambaa hautoki.

Na ukichora usinyanyue kalamu. Hili ndo la msingi kuliko yote kwa mtu anayetumia cherehani. Picha inaweza kuwa nzuri sana lakini kama imetengenezwa na vipande ishirini vilivyoachana, ina maana utaanza na kukata uzi mara ishirini kwa kila bloku, na kila ncha ya uzi inatakiwa ifungwe na kufichwa. Kwa kila mchoro jiulize naingilia wapi, natokea wapi, na nikitoka nimeshafika mlangoni pa bloku inayofuata au nimejifungia ndani?

Mfano, chukua bloku ya nyota ya sentimita 30, ile yenye mraba mkubwa katikati wa sentimita 15 na ncha nane zinazoizunguka mbili mbili kila upande. Anza kwenye kona moja ya mraba wa katikati. Shona kipinde kidogo, kiingie ndani ya ncha kama nusu sentimita tu kutoka kwenye muungano, uende mpaka ncha ya nyota pale ukingoni mwa bloku. Geuka, rudi na kipinde kingine kwenye upande mrefu wa hiyo pembetatu mpaka katikati ya ubavu wa mraba. Kutoka hapo nenda kwenye ncha ya pili, rudi mpaka kona inayofuata ya mraba. Umemaliza upande mmoja na hujakata uzi, na uko kwenye kona, kwahiyo upande wa pili unaanzia hapohapo. Ukizunguka pande zote nne unajikuta umerudi kwenye kona uliyoanzia, sasa ingia ndani ya mraba, vipinde vinne kona kwa kona, unafunga. Nyota nzima kwa uzi mmoja, mwanzo mmoja na mwisho mmoja, tena hukuhitaji kupiga alama hata moja kwasababu kona za viraka ndo zinakuongoza. Zile pembetatu za nyuma na miraba ya kwenye kona ya bloku utazishughulikia baadae ukija na mchoro wa background, ila zihesabu kwenye kipimo cha ngumi zisisahaulike.

Kuna jambo watu wanalipuuza alafu wanashangaa kwilti haikai flati. Kila mshono unavuta kitambaa kidogo. Sehemu yenye mishono mingi inasinyaa, yenye mishono michache inabaki na upana wake. Kwahiyo ukibana katikati na kuacha pindo wazi, pindo linakuwa refu kuliko kwilti na linapiga mawimbi. Ukibana pindo ukaacha katikati wazi, katikati inaumuka. Sio lazima kila mahali pafanane, hapana, ila tofauti iwe imesambaa, mahali palipobana na palipoachia papishane kwilti nzima kwa mpangilio unaojirudia. Ukiangalia mchoro wako kwa mbali ukakuta wino wote umerundikana upande mmoja, rekebisha hapo kwenye karatasi ambapo ni bure.

Pindo la pembeni linataka hesabu, usiliendee kwa kubahatisha. Tuseme kati ya kona na kona una sentimita 160 na unataka mawimbi ya kama sentimita 15 kila moja. 160 gawa kwa 15 unapata kumi na point, haikai. Basi chukua 10 kamili, kila wimbi linakuwa sentimita 16. Upande mrefu una 190, ukigawa kwa 16 unakaribia 12, chukua 12, kila wimbi linatoka kama 15.8, na hiyo tofauti ya milimita mbili hakuna jicho litakaloiona. Kona zenyewe zichore kwanza, zote nne zifanane, ndo ujaze katikati. Ukianza kona moja ukatembea tu na wimbi lako, ile kona ya mwisho itakuumbua.

Alafu fikiria cherehani yako. Nafasi kati ya sindano na mwili wa cherehani za nyumbani ni ndogo, na kwilti nzima inatakiwa ikunjwe ipite hapo. Mchoro mmoja mkubwa unaotaka uzungushe kwilti yote kila baada ya sekunde kadhaa utakuchosha bega kabla hujafika nusu. Mistari iliyonyooka inataka ule mguu mpana wenye meno yake unaovuta kitambaa cha juu sambamba na cha chini, urefu wa mshono milimita 2.5 mpaka 3 hivi unapendeza. Mikunjo ya kuzungusha kwa uhuru inataka mguu wa kudarizi na meno ya chini yameshushwa, hapo mikono yako ndo inaongoza kila kitu. Ukiwa bado mgeni na hii ya pili panga plani iwe na mistari mingi na mikunjo kwenye sehemu moja au mbili tu.

Kwenye plani andika na mpangilio wa kushona. Piga bandi au pini kwanza vile vitu vitatu vishikane, alafu anza na mistari mirefu ya kuungia inayogawa kwilti, ukitokea katikati kwenda nje, hiyo inashikilia kila kitu kisitembee, baada ya hapo unarudi kwenye nakshi. Ukishona juu ya muungano wenyewe pita upande ule wa chini, ambao kwa ndani hauna zile kingo za kitambaa zilizobaki baada ya kuunga viraka. Kama pasi yako ilizifungua hizo kingo zikalala pande zote mbili, usishone humo, sindano inapita kwenye uzi wa kuungia tu, sogea pembeni nusu sentimita.

Rangi ya uzi: inayoendana na kitambaa inafichua umbo la mkunjo na kuficha mkono uliotetemeka, inayopingana inaonyesha kila kitu, kizuri na kibaya. Uzi namba 50 ni mwembamba kuliko namba 40, namba ikipanda uzi unapungua. Kwa mchoro uliobana chukua mwembamba.

Vifaa vya kupigia alama nisikuchoshe. Chaki inafutika haraka, nzuri kwa mistari ya kushona sasahivi. Kalamu ya bluu ya kutoka na maji ni nzuri ila usiipitishie pasi kabla hujaiosha, joto linaweza kuigandisha. Ile ya kutoka na joto la pasi inaweza kurudi kwenye baridi, mi siiweki kwenye kitambaa cheupe. Yoyote ile ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, tena kipande hichohicho kiwekee pamba na kitambaa cha chini ushone mchoro wako humo, uone uzi unakazaje na mchoro unaonekanaje kwa ukubwa wake.

Na pamba na kitambaa cha chini viache vizidi kama sentimita 8 mpaka 10 kila upande, kwasababu kwilti itasinyaa na kusogea ukishona. Kingo unanyoosha na kukata kona ziwe sawa baada ya mstari wa mwisho kabisa, sio kabla.